Juni ya mhasibu na karatasi ya Ifakara

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilishiriki utafiti wa upasuaji pamoja na hospitali nyingine saba za Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi na Manila. Ifakara, mji wa bonde la Kilombero uliozungukwa na mashamba ya mpunga, uliwekwa kwenye mizani moja na majiji makubwa. Haikupimwa dawa mpya wala mashine. Kilichopimwa ni karatasi moja yenye mambo 19 ya kuulizana.

Karatasi hiyo iliandaliwa na Shirika la Afya Duniani, kazi ikiongozwa na Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston. Iliwataka waliomo chumbani wasimame mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa nusu kaputi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa nje. Wakisimama, wanaulizana kwa sauti. Mgonjwa ndiye huyu? Tunapasua upande gani? Dawa ya kuzuia maambukizi amepewa ndani ya saa moja iliyopita? Shashi na sindano zimehesabiwa na zimetimia? Kulikuwa pia na jambo ambalo daktari bingwa mwenye miaka 20 kazini angeweza kuliona la kitoto: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Wahudumu walipoulizwa kama wangetaka karatasi hiyo itumike siku wao wenyewe watakapolala juu ya kitanda cha upasuaji, asilimia 93 walisema ndiyo. Wapo kati yao ambao hawakuiona rahisi kuitumia kazini, lakini kwa miili yao wenyewe waliitaka.

Hakuna aliyefundishwa upasuaji upya katika utafiti ule. Mikono ilikuwa ileile yenye ujuzi uleule. Kilichobadilika ni kwamba, katikati ya pilikapilika, watu walipewa ruhusa ya kusimama, na wakapewa mahali pa kuweka yale ambayo awali kila mmoja aliyabeba kichwani akiamini hatayasahau.

Nauleta utafiti huu kwa sababu ya ushauri tunaowapa watu waliozidiwa na shughuli. Tulia. Jikaze. Fikiria mazuri. Yatakwisha. Tunawaambia hivyo kana kwamba utulivu ni tabia ambayo mtu huzaliwa nayo au huikosa, na aliyeikosa alaumiwe. Mimi naamini kinyume chake. Umakini wakati wa shughuli nyingi hutengenezwa kwa vitu vidogo vya nje ya kichwa: karatasi, kusimama kidogo, na mtu wa pili anayeuliza. Na moyo wa matumaini hufuata nyuma ya hivyo.

Marubani walilijua hilo kabla ya madaktari. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field, Ohio, kampuni ya Boeing ilileta ndege mpya yenye injini nne ionwe na jeshi la Marekani. Rubani wake, Ployer Hill, alikuwa miongoni mwa waliobobea jeshini. Ndege iliruka, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Rubani alifariki, na mwenzake wa Boeing, Leslie Tower, akafa baadaye kwa majeraha. Uchunguzi haukukuta hitilafu ya mtambo. Kuna kifaa kinachofunga sehemu za mkiani zisitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa, na siku ile hakuna aliyekumbuka kukifungua. Wapo walioona ndege hiyo ni ngumu mno kwa binadamu. Marubani wenzake hawakuomba waongezewe mafunzo. Waliandika orodha fupi ya kusoma kabla ya kuruka, na ndege hiyo, iliyokuja kujulikana kama B-17, ilitengenezwa kwa idadi inayozidi 12,000.

Kichwa cha mtu kina nafasi ndogo kuliko tunavyojisifia. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alikusanya tafiti nyingi na kuhitimisha kwamba mtu mzima anaweza kushikilia mambo kama manne tu akilini kwa wakati mmoja. Manne! Sasa mweke mtu huyo katika ofisi ya halmashauri mwezi Juni.

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua wiki mbili za mwisho zinavyokuwa. Fedha ambazo hazijatumika zinaweza kurudi Hazina, kwa hiyo kila idara inakimbia na madokezo. Mzabuni wa saruji yuko kwenye benchi la nje tangu asubuhi, ankara mkononi. Masurufu ya safari ya Machi hayajarejeshwa, na aliyeyachukua yuko safari nyingine. Kifungu cha mafuta kimekauka, na hati ya malipo ya darasa la shule ya msingi imerudishwa kwa mara nyingine kwa sababu taarifa ya mkaguzi wa jengo haikuambatishwa. Mtandao nao unasuasua, mfumo wa malipo wa MUSE unazunguka tu kwenye skrini, na watu watatu wamesimama nyuma ya kiti cha mhasibu wakiiangalia skrini hiyohiyo, kana kwamba macho yao yataisukuma.

Nilishinda katika ofisi ya aina hiyo siku moja ya mwisho wa Juni. Mhasibu wa zamu alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, na kabla sijamaliza kusalimia niligundua kwamba chumba chake kilikuwa kimya kuliko vya jirani. Juu ya meza palikuwa na kaunta buku limefunguliwa, kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula na biki nyekundu. Akaingia kijana wa idara ya ujenzi, jasho linamtoka.

“Shikamoo mama. Samahani, nilikuwa naulizia yale malipo ya mafuta.”

“Marahaba, mwanangu. Umeandika?”

“Bado, mama. Ni la haraka kidogo.”

“Ya hapa yote ni ya haraka. Andika kwanza, tutaongea.”

Kijana akainama, akaandika jina lake, na kwenye safu ya mwisho akaandika: kufuatilia malipo. Yule mama akavuta daftari, akasoma, akayakata maneno yale mstari mmoja.

“Kufuatilia ndiyo nini? Unakwenda wapi, kwa nani, kuchukua nini?”

Kijana alifikiri. Kisha akaandika: kuchukua risiti ya EFD kwa mwenye kituo cha mafuta, leo kabla ya saa nane. Aliponyanyuka alikuwa mtu mwingine. Alikuwa ameingia na janga, akatoka na shughuli ya nusu saa. Malipo yalikuwa bado hayajafanyika, na fedha haikuongezeka hata shilingi, lakini sasa alijua miguu yake inaelekea wapi.

Nilimuuliza mama huyo kwa nini anajisumbua na daftari wakati mfumo wa kompyuta upo. Akanijibu bila kuinua macho: “Vikikaa kichwani vinanisumbua vyote kwa pamoja. Vikikaa hapa vinanisubiri.”

Sayansi ina historia ndefu na jambo hilo. Katika miaka ya 1920 huko Berlin, Bluma Zeigarnik, mwanafunzi wa mwanasaikolojia Kurt Lewin, aliwapa watu kazi ndogondogo za mikono na za kufikiri, nyingine akaziacha zikamilike, nyingine akazikatiza katikati. Katika ripoti yake ya 1927 alieleza kuwa watu walizikumbuka zaidi zile zilizokatizwa. Watafiti waliofuata hawakupata matokeo yaleyale kila mara, na suala la kumbukumbu linabishaniwa hadi leo. Lakini yeyote aliyelala na kazi isiyokwisha analijua lile jambo linalorudirudi usiku, linalogonga hata ukiwa umefunga mlango.

Mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walikwenda hatua moja mbele. Waliwakumbusha watu malengo yao ambayo hayajatimia, kisha wakawapa kazi nyingine, kama vile kusoma. Malengo yale yaliingilia usomaji. Lakini waliopewa nafasi ya kuandika mpango mahususi wa jinsi watakavyoyashughulikia walisoma kwa utulivu, ingawa walikuwa hawajayatimiza. Ndilo lililompata kijana wa mafuta. Akili haikudai kazi iishe papo hapo. Ilitaka kuhakikishiwa kwamba haitasahaulika, na kwamba hatua inayofuata inajulikana. “Kufuatilia” hakumhakikishii mtu lolote. “Risiti, kituo cha mafuta, kabla ya saa nane” kunamhakikishia.

Usiku pia una habari yake. Katika maabara ya usingizi ya Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, vijana 57 waliombwa kuandika kwa dakika tano kabla ya kulala. Nusu waliandika kazi walizokwisha kuzifanya, nusu wakaandika zile zinazowasubiri siku zijazo. Ungedhani walioandika madeni ndio watakaokesha. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba hao ndio waliolala mapema, kwa tofauti ya kama dakika tisa, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyolala haraka. Napenda sana utafiti huu kwa sababu dawa yake haina gharama. Daftari la mtoto la shule, upande wa nyuma, linatosha.

Sasa simu. Mtu aliyezidiwa na kazi leo hazidiwi na kazi peke yake. Yumo kwenye kundi la idara, kundi la wakuu wa vitengo, kundi la wazazi wa darasa la nne, kundi la kamati ya harusi ya binamu inayokumbusha michango, na kundi la ukoo ambako kuna mgonjwa. Kila mlio wa simu unamhamisha. Mtafiti Sophie Leroy, katika utafiti wa 2009, alionyesha kwamba mtu akiacha kazi moja na kurukia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa kama haikuwa imekamilika. Mhasibu aliyejibu ujumbe wa kamati ya harusi akarudi kuingiza namba ya akaunti ya mzabuni hajarudi mzima. Tarakimu moja ikikosewa malipo yanakataliwa na benki, na siku zinazobaki kabla ya tarehe 30 ni mbili.

Yule mama huweka simu kwenye droo anapoingiza malipo. Haizimi, kwa sababu ana watoto na ana mama yake mzee. Wa nyumbani wanajua kupiga mara mbili mfululizo kama kuna dharura. Na husimama mara tatu kwa siku, bila kuwa amewahi kusikia habari za karatasi ya Ifakara: asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta, baada ya chai ya saa nne, na saa tisa na nusu alasiri, muda ambao kwa kawaida watumishi hutoka. Mwezi Juni hakuna anayetoka muda huo, lakini yeye husimama hivyo hivyo, huvuta daftari, na msaidizi wake humsomea mistari kwa sauti. Hapo ndipo siku ile waligundua kwamba hati mbili za mzabuni mmoja zilikuwa za ankara moja. Macho ya mtu mmoja yalikuwa yamezipita zote mbili.

Nije kwenye moyo wa matumaini, kwa sababu hapa ndipo ushauri mwingi unapowapotosha watu. Tumezoea kuambiwa tujione tumefanikiwa, tufumbe macho tulione lengo limetimia, tujitamkie ushindi. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani wa Chuo Kikuu cha New York, ametumia miaka mingi kulipima jambo hilo. Mwaka 1991, pamoja na Thomas Wadden, alichapisha utafiti juu ya wanawake walioingia katika mpango wa kupunguza uzito. Aliuliza mambo mawili tofauti: unatarajia kwa kiasi gani kwamba utafaulu, na ukijifikiria siku zijazo unaona picha gani? Baada ya mwaka mmoja, waliotarajia kufaulu walipungua zaidi. Lakini waliokuwa na picha tamu kuliko wote, wakijiona tayari wembamba na wanakataa vishawishi bila shida, walipungua kilo kama 11 pungufu ya wenzao waliojiona wakihangaika. Miaka 11 baadaye, yeye na Doris Mayer walikuta jambo la aina hiyohiyo kwa wahitimu wanaotafuta kazi: waliokuwa na ndoto nzuri zaidi kuhusu ajira walituma maombi machache, wakapata nafasi chache, wakalipwa mshahara mdogo.

Sababu moja ilionekana katika shinikizo la damu. Mtu anapozama katika picha ya mafanikio, shinikizo hushuka kidogo. Mwili unapumzika, kana kwamba safari imeisha. Ni starehe halali jioni ya Jumapili, lakini kwa mtu mwenye hati 40 mezani ni hasara.

Kinachosaidia, kwa mujibu wa Oettingen, ni kuliweka lengo na kizuizi chake mezani pamoja. Nataka hati hii ipite leo. Kitakachonikwamisha ni nini? Mtandao. Mtandao ukikata saa nane, nitafanya nini? Nitapanga viambatisho vya hati kumi zinazofuata, ukirudi niingize zote kwa mkupuo. Anayejiuliza hivyo si mtu wa kukata tamaa. Ana matumaini yenye miguu. Na ile sehemu ya kwanza ya matokeo, ya matarajio, isisahaulike. Kutarajia kwamba utaweza kunasaidia, na matarajio ya kweli hujengwa na kumbukumbu ya ulichokwisha kukiweza. Katika kaunta buku la yule mama, mstari uliokamilika haufutwi. Unawekewa alama ya vema kwa biki nyekundu, na ukurasa unaachwa wazi ili wote waone. Ikifika saa kumi jioni, watu wamechoka, hana haja ya kuwahutubia. Anafunua kurasa za asubuhi.

Lazima niseme pia pale karatasi inapogoma. Jimbo la Ontario, Kanada, liliziagiza hospitali zake zitumie orodha ya upasuaji, na mwaka 2014 zikachapishwa takwimu za hospitali 101. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla ya agizo na 0.65 baada yake, tofauti ambayo kitaalamu haiwezi kutofautishwa na bahati. Wapo waliohoji kama kweli orodha ilikuwa ikitumika, au ilikuwa ikijazwa tu. Mimi naelekea upande huo, maana nimeziona fomu zetu. Tumezoea kuweka vema kwenye visanduku vyote kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika simu. Karatasi isiyomsimamisha mtu ni kazi nyingine iliyoongezwa juu ya kazi. Ifakara hawakupewa karatasi peke yake. Walifundishwa kusimama, wakafuatiliwa, na muuguzi mdogo akapewa haki ya kumuuliza daktari mkubwa kama dawa imetolewa. Kutaja majina mwanzoni kuna maana hapo, kwa sababu aliyekwisha kusikia sauti yake mwenyewe chumbani hupata ujasiri wa kusema tena anapoona jambo linakwenda kombo.

Ofisi zetu zinahitaji hilo kuliko zinavyohitaji semina ya kujihamasisha. Karani wa mwaka wa kwanza aliyeona ankara imejirudia anyamaze kwa heshima, au aseme? Jibu linategemea alivyozoeshwa tangu Julai, na halitapatikana ghafla tarehe 29 Juni.

Na kuna mzigo ambao hakuna daftari litakaloupunguza. Kila taasisi ya umma inatakiwa kisheria kuwa na mpango wa manunuzi wa mwaka mzima. Ofisi inayojua tangu Julai kwamba itajenga darasa haina sababu ya kutangaza zabuni Aprili, kisha kumlaumu mhasibu kwamba ni mzito. Shida hiyo haikuanzia kwenye akili ya mtumishi, na kumshauri avute pumzi na afikirie mazuri ni kumtupia deni la wengine. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimewaona watumishi wazuri wakiumwa, wakigombana na waume na wake zao, wakiamini kwamba wao ndio dhaifu.

Ukurasani kwa yule mama palikuwa na mistari minne aliyoiwekea herufi J, maana yake inaweza kungoja Julai bila mtu kuumia: viti vya ukumbi, rangi ya uzio, na mambo mengine mawili ya aina hiyo. Hana mamlaka ya kuiahirisha, kwa hiyo aliandika dokezo kwa wakuu wa idara akiomba ridhaa. Hadi naondoka, alikuwa amerudishiwa saini moja. Hizo tatu zilizobaki ndizo ninazoziomba kwa wakuu wa idara wanaosoma makala hii. Kuzitia kunachukua muda mfupi kuliko kikao cha kuwahimiza watu wachape kazi.